Kila Shilingi na Risiti Yake

Nimehitimu. Naanza na neno hilo kwa sababu najua wapo watakaosoma ushuhuda huu wakiwa katikati ya yale niliyoyapitia: jina halimo kwenye orodha ya mtihani, nyumbani hakuna tena wa kupigiwa simu, na dirisha la uhasibu limefungwa mpaka kesho. Nataka wajue mapema kwamba inawezekana kutoka. Mimi sikutoka kwa ujanja wala kwa kujuana na mkubwa. Nilitoka kwa rehema za Mungu, kwa jasho la wazazi wangu, na kwa jambo moja ambalo baba alinifundisha tangu nikiwa mtoto: usitoe shilingi bila kupewa karatasi, na karatasi uliyopewa usiitupe.

Kwetu ni Mbinga, mkoani Ruvuma, kwenye milima ambako Wamatengo tunalima kwa ngoro, yaani mashimo ya kwenye miteremko, na fedha ya mwaka mzima inatoka kwenye kahawa. Baba aliishia darasa la saba. Lakini mtu akitaka kujua namna ya kudai haki yake bila kugombana, aende kwa mkulima wa kahawa. Unapeleka kahawa yako kwenye chama cha msingi, inapimwa, unapewa stakabadhi, halafu unasubiri mnada. Fedha inakuja baadaye, makato yakiwa yameshatoka. Aliyepoteza stakabadhi hana pa kuanzia kuuliza. Kwa hiyo nyumbani kulikuwa na sanduku la bati lenye stakabadhi za misimu mingi iliyopita, zimefungwa kwa kamba, kila msimu na fungu lake. Mali bila daftari hupotea bila habari. Baba aliishi kwa methali hiyo.

Mwaka 2021 nilimaliza kidato cha sita nikachaguliwa kusoma Shahada ya Elimu katika chuo kikuu binafsi jijini Dar es Salaam. Jina la chuo silitaji. Walimu wake walinifundisha vizuri, na ninachokieleza hapa nimekisikia kwa wenzangu waliosoma vyuo vingine pia. Maelekezo ya kujiunga yalitaja ada ya shilingi 1,300,000 kwa mwaka. Chini yake kulikuwa na sentensi moja iliyosema mwanafunzi atalipa pia michango mingine kadiri itakavyopangwa. Kiasi hakikutajwa.

Bodi ya Mikopo ilinipangia shilingi 900,000 za ada. Zilizobaki, shilingi 400,000, zilikuwa juu ya nyumbani. Baba alitoa fedha ya kahawa, mama akaongeza alichokuwa nacho kwenye kikundi chake cha kuweka na kukopa, mjomba akanilipia nauli. Nilisafiri nikijua tumemaliza.

Siku ya usajili nilikuta karatasi imebandikwa ukutani. Usajili 25,000. Kitambulisho 10,000. Serikali ya wanafunzi 15,000. Mitihani 150,000. Huduma za TEHAMA 60,000. Maktaba 30,000. Tume ya Vyuo Vikuu 20,000. Bima ya afya 50,400. Fedha ya tahadhari 50,000. Maendeleo ya chuo 100,000. Nilijumlisha, nikajumlisha tena. Shilingi 510,400, zaidi ya theluthi moja ya ada yenyewe, na bila kuilipa huandikishwi.

Nilimpigia baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umeshaandikishwa?"

"Bado, baba. Kuna michango mingine." Nikamsomea yote.

Alikaa kimya, kisha akauliza, "Hayo wamekupa kwenye karatasi?"

"Wamebandika ukutani."

"Basi piga picha. Halafu nakili kwa mkono wako, moja baada ya nyingine, uandike na tarehe. Fedha nitaitafuta."

Aliitafuta. Aliuza ndama, na kwa kuwa alikuwa na haraka mnunuzi alijua, akampa bei ya mtu mwenye haraka. Hapo ndipo kwenye uchungu wangu. Katika orodha ile yamo malipo ambayo hata leo siyalalamikii. Bima ya afya imenitibu malaria. Ile 20,000 ya Tume inakwenda kwa msimamizi wa ubora wa vyuo vyote nchini. Najua pia kwamba chuo binafsi kwa sehemu kubwa kinaishi kwa ada. Mishahara, umeme na maktaba havilipwi na Hazina. Lakini kama orodha ile ingekuja pamoja na barua ya udahili, baba angeipangia wakati kahawa bado iko mkononi mwake. Gharama ni ileile. Kuchelewa kuisema ndiko kulikotugharimu ndama.

Wazazi wengi hawajui mkopo wa elimu ya juu unavyogawanywa, na mimi pia sikuelezwa na mtu. Bodi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hutoa mkopo kwa mafungu: chakula na malazi, vitabu na viandikwa, ada, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo, na utafiti. Fungu la ada halipiti mkononi mwa mwanafunzi. Linakwenda chuoni moja kwa moja. Michango ile ya ukutani haina fungu. Kwa hiyo mtoto wa mkulima anailipa kutoka kwenye bumu, yaani fedha ya chakula na malazi. Nilipoanza, bumu lilihesabiwa shilingi 8,500 kwa siku. Mwaka wa masomo 2022/23 likapandishwa kuwa 10,000. Tulishukuru. Lakini kwa Dar es Salaam fedha hiyo ndiyo chumba, ndiyo daladala, ndiyo sabuni, ndiyo ugali na maharage. Ukitoa humo laki moja ya mchango uliotangazwa ghafla, unapiga pasi ndefu: chai asubuhi, kisha hakuna kitu mpaka usiku.

Na matangazo ya ghafla yaliendelea kuja. Tulilipia usimamizi wa mazoezi ya kufundisha, na tulijua kiasi chake wiki ambayo barua za kwenda shuleni zilikuwa zinatolewa. Kila muhula tulijisajili upya kwenye mfumo wa chuo. Ukiwa na deni mfumo haufunguki, na ukichelewa kujisajili unatozwa faini, hata kama umechelewa kwa kuwa fedha ya Bodi haijafika. Mtu anaadhibiwa kwa kukosa fedha, na adhabu yenyewe ni fedha.

Mwenzangu wa chumba alitoka Kishapu, mkoani Shinyanga. Alikuwa na kichwa cha Hisabati kuliko mimi. Ndiye aliyenifundisha hesabu za takwimu usiku, tukiwa tumekaa sakafuni. Mama yake alikuwa akiuza dagaa. Muhula wa pili mwaka wa kwanza, michango na faini vilimzidi, akaandika barua ya kuahirisha masomo. Alisema atarudi mwaka ujao. Nilimsindikiza stendi. Mwaka uliofuata hakurudi, kwa sababu deni aliloliacha lilikuwa palepale likimsubiri.

Kwangu mimi jaribu lenyewe lilikuja mapema mwaka 2023, nikiwa mwaka wa pili. Nilikuwa nimesaini fedha za Bodi, na nyumbani walikuwa wamekwisha kutuma sehemu yao kwa kumbukumbu namba ya malipo. Mitihani ilipokaribia nikafungua mfumo nichukue kibali cha kuingilia mtihani. Nadaiwa shilingi 450,000, nusu ya ada inayolipwa na Bodi. Kwenye akaunti yangu ya Bodi malipo yale yanaonekana yameshakwenda chuoni. Kwenye mfumo wa chuo hayapo.

Nilikwenda uhasibu. Wakaniambia niende kwa afisa mikopo. Afisa mikopo akasema kwake nimesaini na hana tatizo nami, niende TEHAMA. TEHAMA wakasema wao hawaingizi malipo, nirudi uhasibu. Uhasibu mhusika hayupo, njoo kesho. Kesho yake mtandao uko chini. Niliyemkuta dirishani hakunitukana. Alikuwa amechoka, foleni ni ndefu, na kila aliyekuwa mbele yangu alikuwa na kisa kama changu. Lakini mtihani haungoji foleni. Asubuhi ya mtihani wa kwanza nilisimama nje ya ukumbi na kalamu zangu, nikaona wenzangu wanaingia, msimamizi akanionyesha orodha isiyo na jina langu. Kwa taratibu zetu, asiyefanya mtihani bila ruhusa anahesabiwa amekosa, na kurudia ni kwa malipo. Kwa fedha ambayo ilikuwa imeshalipwa, nilikuwa naandaliwa kulipa tena.

Siku hiyo nililia. Sikumpigia baba, kwa sababu nilijua angeuza kitu.

Aliyeninyanyua ni mhadhiri wetu mmoja, mama wa makamo, aliyenikuta kwenye ngazi. Nilimweleza nilikozungushwa. Akaniuliza, "Umeandika?" Nikamwambia nimekwenda kila ofisi, nimeeleza. Akasema, "Mwanangu, maneno ya mdomoni hayana jalada. Andika barua, peleka masjala, bakia na nakala yenye muhuri. Kuanzia hapo utakuwa na tarehe, na wao watakuwa na kitu cha kujibu."

Nilirudi chumbani nikatoa bahasha yangu. Kila nilicholipa tangu siku ya usajili kilikuwa humo, na ile orodha ya ukutani niliyoinakili kwa mkono. Nikaandika kwa Msajili, nakala kwa Mhasibu Mkuu na kwa Mshauri wa Wanafunzi. "YAH: Malipo ya ada kutoka Bodi ya Mikopo kutoonekana kwenye mfumo." Niliandika jina, namba ya usajili, tarehe niliyosaini, kiasi, mtihani nilioukosa na saa yake. Nikaambatisha ukurasa wa akaunti yangu ya Bodi na risiti za nyumbani. Nikaomba mambo mawili: malipo yangu yatambuliwe, na mtihani nilioukosa niufanye kama mtihani maalumu bila faini. Masjala wakaipiga muhuri: IMEPOKELEWA. Mtihani wa pili niliingia kwa kibali cha muda, nikiwa na nakala ile mkononi.

Kisha nikawatafuta wenzangu. Tulikuwa wengi, kila mmoja akidhani ni peke yake. Tuliunda kundi la WhatsApp, tukaandaa jedwali moja: jina, namba ya usajili, tarehe ya kusaini, kiasi, na kosa linaloonekana. Viongozi wa madarasa wakalipeleka kwa waziri wa mikopo wa serikali ya wanafunzi, naye akaomba kikao. Kabla ya kuingia tulikubaliana maneno: hatupigi kelele, hatutishi, hatutaji mtu kwa ubaya, tunaweka karatasi mezani na kuuliza swali moja, fedha hii iko wapi?

Katika kikao hicho ndipo tulipojua. Bodi humtambua mwanafunzi kwa namba yake ya mtihani wa kidato cha nne. Chuo kinamtambua kwa namba ya usajili. Fedha ya ada inapofika inakuja kwa pamoja na orodha ya majina, na lazima mtu akae aoanishe namba moja na nyingine, aingize kila malipo kwa mwenyewe. Fungu letu lilikuwa na majina ambayo hayakuoana. Wengine wameandikwa majina mawili huku na matatu kule, wengine herufi zimepishana. Yaliyogoma yaliwekwa pembeni, na hakukuwa na mtu aliyepewa kazi ya kuyarudia. Fedha haikuwa imeibwa. Ilikuwa imekaa kwenye akaunti ya chuo ikisubiri jina, na wenye majina walikuwa nje ya ukumbi wa mtihani.

Jedwali letu lilifanya kazi ya siku nyingi kwa asubuhi moja, maana lilikuwa na namba zote mbili za kila mtu. Mhasibu Mkuu alilichukua akasema mbele yetu kwamba litaingizwa, na liliingizwa. Barua ya kunijibu ilikuja: malipo yametambuliwa, mtihani maalumu umekubaliwa, faini imefutwa. Niliufanya mtihani ule muhula uliofuata, nikafaulu.

Sitaki kusema tulishinda yote. Waliokuwa wamekwisha kulipa faini hawakurudishiwa taslimu. Fedha yao iliingizwa kwenye ada, na ilibidi wafuatilie kwa muda mrefu. Mchango wa maendeleo ya chuo tuliuulizia matumizi yake, tukajibiwa kwa maneno ya jumla, na uliendelea kutozwa mpaka naondoka. Lakini maelekezo ya kujiunga ya mwaka uliofuata yalitoka na jedwali kamili: ada, kila mchango na kiasi chake, wa kulipwa mara moja na wa kulipwa kila mwaka, tena kwa Kiswahili ili mzazi asome mwenyewe. Chuo kilikubali pia kwamba mwenye uthibitisho wa kusaini Bodi aruhusiwe kufanya mtihani wakati malipo yake yanatafutwa. Hayo hayakuhitaji fedha mpya. Yalihitaji mtu wa kuyaandika.

Nyumbani nako Mungu alifungua njia. Mwaka 2022 serikali ilifuta ada ya kidato cha tano na sita katika shule za umma, na mdogo wangu alikuwa anaingia kidato cha tano. Fedha ambayo ingekwenda kwake iligeuzwa kuja kwangu. Baba hakuuza tena mfugo kwa ajili yangu.

Nilihitimu mwaka 2024. Hata hapo kulikuwa na gharama ya joho na ya mahafali, na fomu ya kukabidhi vitu inayozunguka maktaba, hosteli, idara na uhasibu kabla hujapewa cheti na matokeo yako. Uhasibu waliponiambia sidai kitu, niliwaonyesha risiti ya fedha ya tahadhari, shilingi 50,000, na orodha ya mwaka 2021 iliyosema zitarejeshwa mwanafunzi akimaliza salama. Dada aliyekuwa dirishani alizisoma, akaingia ndani, akarudi na fomu ya kujaza. Fedha ile ililipwa. Wengi katika darasa letu hawakuipata, kwa sababu hawakukumbuka kama waliilipa, na hakuna aliyewakumbusha.

Sasa najitolea kufundisha Hisabati katika shule ya sekondari huku nikisubiri ajira. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne huniuliza habari za chuo, na wazazi wao hunisimamisha njiani. Ninachowaambia ndicho ninachokuambia wewe.

Mzazi, usimuulize mwanao "ada ni shilingi ngapi". Uliza "mpaka amalize, kila kitu ni shilingi ngapi", na umwombe akipigie chuo simu au akiandikie barua kabla hujauza chochote. Wakikuambia michango itapangwa baadaye, omba waandike hivyo na kugonga muhuri. Mara nyingi kiasi kitapatikana siku hiyohiyo.

Mwanafunzi, nunua bahasha ngumu kabla hujanunua godoro. Weka humo barua ya udahili, kila risiti, kila ukurasa wa akaunti yako ya Bodi, kila tangazo lenye namba ya fedha. Hakikisha majina yako ni yaleyale kwenye cheti cha kidato cha nne, Bodi, benki na chuoni. Herufi moja inaweza kukutoa ukumbini. Ukizungushwa ofisi mbili bila jibu, acha kusimulia, andika. Na kabla hujaandika, uliza darasani nani mwingine yuko hivyo. Barua ya mmoja inaweza kukaa. Jedwali la darasa zima linaitiwa kikao.

Na nyinyi viongozi wa vyuo, nawaomba kwa heshima zote. Tunajua chuo kinaendeshwa kwa fedha, na wazazi wetu hawajawahi kukataa kuchangia. Tuambieni kiasi chote mapema, na mteueni mtu mmoja mwenye jina na chumba, ambaye kazi yake ni kutafuta malipo yasiyo na mwenyewe. Kijana anayefukuzwa mtihani kwa fedha iliyomo ndani ya akaunti yenu hamjampoteza yeye peke yake. Mmepoteza imani ya kijiji chake kizima kwamba kusoma kunalipa.

Mwenzangu wa Kishapu sijamsahau. Anauza katika duka la mtu mjini Shinyanga, na bado anapiga hesabu kwa kichwa kuliko mashine. Juzi tumekaa kwa simu tukaiandika barua yake ya kuomba kurejea masomo na kupangiwa kulipa deni kwa awamu, tukaambatisha kila risiti aliyokuwa nayo. Binti mmoja tuliyemwacha mwaka wa chini yetu aliipeleka masjala kwa mkono wake. Imepokelewa, ina muhuri na tarehe. Jibu tunalisubiri, na lisipokuja tutaandika tena.